Swali la Mzee Majivu

Katika banda la gemu la Mzee Kasmir, mtaa wa Majengo, Sumbawanga, kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa ukutani lakini kila mtoto aliijua: maandishi yakitokea, piga eksi. Gemu zote zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza mle ndani hakuna aliyekuwa nacho. Basi mtu kwenye televisheni akianza kuongea, maneno yakaanza kupita chini ya kidevu chake, kidole gumba kinashuka kwenye kile kitufe chenye alama ya eksi, ta, ta, ta, mpaka maneno yaishe na mapanga yaanze. Aliyechelewa alizomewa.

"Wewe, unasoma? Kwani hapa shule?"

Aliyeshika banda alikuwa Getruda, mpwa wa Mzee Kasmir. Mwaka huo wa 2005 alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa msichana mrefu, mwenye sweta la kijani lililotoboka viwiko, maana baridi ya Sumbawanga mwezi wa saba haimwonei haya mtu. Kazi yake ilikuwa kuangalia saa na kusema, "Zamu yako imekwisha, mpe mwenzako pedi." Lakini watoto hawakumpendea hilo. Walimpendea kusimulia. Kwa kuwa wote waliruka maandishi, hadithi ya gemu ilibaki bila mwenyewe, na Getruda akaichukua. Alikaa kwenye kigoda nyuma yao, mikono ndani ya mikono ya sweta, akasimulia kwa kufuata picha, na pale picha zilipomtupa akatia yake.

Gemu iliyopendwa kuliko zote ilitoka Tunduma, kwenye sidii isiyo na picha. Ndani yake kulikuwa na kijana wa upanga, huyo ndiye stelingi, shujaa wa gemu, na kulikuwa na mzee wa joho la kijivu aliyezunguka nchi akichoma maghala ya watu. Watoto walimwita Mzee Majivu. Alikuwa ndiye adui, hilo halikuwa na mjadala, ila alikuwa adui wa ajabu. Kila alipokwisha kuchoma, gemu ilimwonyesha uso kwa karibu, na uso ulikuwa umelowa.

"Dada Getu, mbona huyu adui analia?"

"Moshi," alisema Getruda.

"Moshi wapi! Tazama, analia kweli."

"Basi analia. Kuna mdudu anakula chakula cha nchi nzima. Mdudu mdogo kama punje ya ulezi. Mzee Majivu anachoma maghala ili mdudu akose pa kulala."

"Na watu wale nini?"

Hapo kila mara Getruda aliangalia saa. "Zamu imekwisha. Mpe Flavian pedi."

Jumamosi moja akaingia Masanja. Huyu alikuwa kijana wa Kisukuma, ng'ombe zao walikuwa huko bondeni upande wa Muze, na kila alipopanda na lori kuja mnadani alipitia bandani kunyoosha mikono, kama alivyosema. Vidole vyake vilikuwa vizito, vilizoea fimbo. Watoto wa mjini walimtania.

"Masanja, hiyo pedi si jembe!"

"Na wewe hicho kichwa si boga, mbona nakiona hivyo?"

Siku hiyo, kwa bahati au kwa ubishi, Masanja alifika mwisho kabisa. Mzee Majivu alikuwa amepiga magoti kwenye uwanja ulioungua, na stelingi amesimama mbele yake. Yakatokea maandishi mawili, moja juu na jingine chini, na mshale mdogo ukimemeteka pembeni ya lile la juu. Watoto wote kwa pamoja: "Piga eksi! Piga eksi!" Kwa mwaka mzima hivyo ndivyo ilivyokuwa, ukipiga eksi, upanga unashuka, Mzee Majivu anaanguka, na nyimbo zinaanza.

Masanja hakupiga. Alikaa anaangalia.

"Huyu ameulizwa jambo," alisema.

"Nani?"

"Huyu wenu wa upanga. Angalia, amesimama. Hawezi kusimama bure na adui yuko chini. Kuna mtu kamuuliza kitu, anangoja jibu." Akageuka. "Dada, wameandika nini hapa?"

Getruda aliyatazama yale maandishi. Alikuwa amemsimulia yule mzee tangu mvua za mwaka jana, alikuwa amempa jina, amempa hata mtoto wa kike aliyemwacha nyumbani, lakini hakuwahi kujua kwamba mwisho wake ulikuwa swali.

"Sijui," alisema.

"Basi mimi sijibu nisichokijua," alisema Masanja, akaiweka pedi chini, na Flavian akaiwahi, akapiga eksi, na upanga ukashuka.

Masanja alipotoka, alimwita Getruda nje, upepo ukawapiga vumbi miguuni. Akasema kwa sauti ya chini, "Nina salamu nimetumwa. Pale Muze kwenye mashine ya kukoboa mpunga kuna mzee anaitwa Leonidas. Anasema nikuambie, Jumamosi ijayo atapanda na lori la mchele. Kama hutaki kumwona, ulifunge banda. Akikuta limefungwa hataligonga. Atashuka na lori lile lile."

Getruda aliitikia kwa kichwa tu. Leonidas alikuwa baba yake. Hakuwa amemwona kwa karibu miaka kumi na moja.

*

Walikuwa wa kijiji kimoja cha upande wa Mwazye, kijiji cha mahindi na ulezi, cha matuta ya ntumba yanayotiwa majani chini yakaoza yakawa mbolea. Mama yake Getruda alifariki Getruda angali mgongoni, na Leonidas akamlea peke yake, jambo ambalo wanawake wa kijiji walilicheka kwanza na baadaye wakaliacha. Alimsuka nywele kwa mikono ya jembe, nywele zikawa zimesimama pande zote, na mtoto akaenda hivyo hivyo.

Leonidas alichaguliwa kuwa mwangalizi wa mazao ya kijiji. Alipelekwa kozi ya wiki tatu, akarudi na kijitabu kuhusu dumuzi, yule mdudu anayeingia kwenye hindi na kuacha unga na ganda. Zamani dawa ya kuweka kwenye mahindi ililetwa na ushirika. Sasa soko lilikuwa limefunguliwa, kila mtu ajitafutie dukani, na malori ya wanunuzi yalikuja kutoka kila upande yakiwa na magunia makuukuu ambayo hakuna aliyejua yalilala wapi. Dumuzi alikuja ndani ya magunia hayo. Leonidas alikuwa na hakika.

Kila jioni alizunguka vihenge, yale maghala ya mahindi, na Getruda nyuma yake. Alitia sikio kwenye ukuta wa kihenge, halafu akamvuta mtoto na kumwekea sikio lake pale pale, kiganja kikiwa juu ya kichwa chake ili asigeuke.

"Sikiliza. Unasikia?"

Alisikia. Krr, krr, krr, kama mtu anayekwangua sufuria mbali sana.

"Ndiye huyo," alisema baba yake. "Anakula chakula chetu cha mwakani."

Aliandika barua kuomba dawa. Haikuja. Aliitisha mkutano akasema njia iliyobaki ni moja, kuchoma vihenge vyote siku moja, mdudu akose pa kukimbilia, na chakula cha msaada kingekuja, alikuwa ameahidiwa. Mkutano ukagawanyika. Wazee walisema mtu hachomi chakula, ni laana. Kasmir, shemeji yake, alisimama akasema kihenge chake kilikuwa safi na anayetaka ushahidi aje afungue. Walitawanyika bila kukubaliana.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa, mwaka 1994, kijiji kizima kikiwa kwenye Misa, Leonidas na vijana wanne walichoma vihenge thelathini na kimoja. Alianza na cha kwake mwenyewe. Getruda alitoka kanisani akiwa amemshika mkono Adela, binti wa Kasmir, mwenye miaka minne, na Adela akaonyesha kidole akasema, "Getu, mawingu meusi."

Leonidas aliondoka jioni ile ile kwa kuzunguka nyuma ya mikaratusi, kwa sababu wangemuua. Alitaka kumchukua binti yake. Kasmir alisimama mlangoni.

"Mtoto hachukuliwi na mtu asiye na chakula," alisema. "Huyu ni wa dada yangu. Atakula nitakachokula."

Na alikula. Bertha, mke wa Kasmir, aliwapakulia watoto wawili bakuli moja, sawa kwa sawa, mizizi na maharage ya kuhesabika. Chakula cha msaada kilikuja mwezi wa tatu. Adela alikuwa amekufa mwezi wa pili. Surua, walisema kule zahanati, lakini Bertha alisema surua ilimkuta mtoto akiwa tayari mwepesi kama kikapu kitupu.

Na neno jingine ni hili, ambalo watu walilisema baadaye kwa kunong'ona. Mavuno yaliyofuata, na yaliyofuata hayo, dumuzi hakuonekana kijijini. Vijiji vya jirani viliendelea kumwaga unga wa mdudu. Mwanamke mmoja alisema kisimani, "Yule mwendawazimu alituokoa," na Bertha akammwagia ndoo nzima ya maji kichwani. Mwaka uliofuata Kasmir akahamia mjini, akaanza kununua mahindi Laela na kuyauza, kisha akanunua televisheni. Getruda alisoma mpaka darasa la saba.

Hakuwahi kuuliza habari za baba yake. Ungeulizaje ndani ya nyumba ile? Lakini kuna nyakati, akipita sokoni penye magunia ya mahindi, alisimama bila sababu karibu na gunia, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, mpaka mwenye gunia amuulize kama ananunua.

*

Jumatatu, Flavian alipofika mwisho, Getruda alimzuia kidole, akayanakili yale maandishi mawili kwenye karatasi ya daftari, herufi moja moja, akampelekea Jenifer, binti wa fundi cherehani wa jirani, ambaye alikuwa kidato cha tatu.

Jenifer alisoma akacheka. "La juu, 'mmalize'. La chini, 'msikilize'. Mshale uko juu, basi mkipiga eksi mnachagua la juu. Kwani nyie mlikuwa mnachagua lipi?"

"Tulikuwa hatujui kama tunachagua."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Maskini mzee wa watu!" alisema Jenifer, akacheka tena, halafu akamwona Getruda usoni akaacha.

Jioni alimkuta mjomba wake uani akitia mafuta mnyororo wa baiskeli. Alisimama hapo muda, mpaka Kasmir akasema bila kuinua kichwa, "Unanizibia mwanga."

"Mjomba, kuna salamu zimetoka Muze."

Mkono wenye kopo la mafuta ulisimama.

"Anasema atakuja Jumamosi. Anasema nikifunga banda atarudi. Na banda ni lako, ndiyo maana nimesema."

Kasmir aliuzungusha mnyororo taratibu, ukalia, akautia mafuta, akauzungusha tena, haukulia.

"Jumamosi nakwenda Laela," alisema. "Narudi na basi la saa kumi. Ufunguo unao wewe." Alifuta mikono. "Mimi nilikuwa nafungua kihenge changu kila wiki, Getu. Namwaga debe chini, naangalia. Safi. Nilimwambia mbele ya mkutano, njoo ufungue. Hakuja. Sasa miaka kumi na moja watu wananiambia alikosea, wengine wananiambia alifanya la maana. Mimi sijauliza hayo. Nataka mtu mmoja aseme kihenge changu kilikuwa safi. Mtu huyo ni yeye."

Akaichukua baiskeli akaingia nayo ndani, ingawa kila siku alikuwa akiilaza nje.

Ijumaa asubuhi, kabla watoto hawajatoka shule, Getruda aliwasha gemu akacheza mwenyewe. Hakuwa hodari, ilimchukua mpaka alasiri, na watoto wakamkuta katikati wakakaa nyuma yake wakimshauri wote kwa wakati mmoja. Alipofika mwisho alimwita Jenifer. Mshale akaushusha chini. Kisha akapiga eksi.

Mzee Majivu aliinua uso akaanza kuongea. Jenifer alitafsiri huku akijikwaa, akiruka maneno asiyoyajua.

"Anasema... nilihesabu. Vijiji saba, au nchi nzima. Nikachagua. Anasema... hamkuwa mnaniamini, na muda ulikuwa umekwisha. Anasema... sijalala tangu siku ile."

"Anaomba msamaha?" aliuliza Getruda.

"Subiri. Anasema... siku ile ikirudi, nitawasha tena."

"Ah!" alisema Flavian. "Sasa si bora tumuue tu!"

"Kwani si kweli mdudu aliisha?" alisema mwingine.

"Ameisha, na watoto je? Umesahau wale watoto wa kijiji cha kwanza?"

"Jamani, mimi simwelewi. Huyu ni stelingi au adui?"

Walimgeukia Getruda, maana hadithi ilikuwa yake. Kwenye televisheni Mzee Majivu aliinuka, akatembea juu ya majivu, akaenda, akawa mdogo, gemu ikaisha. Hapakuwa na nyimbo. Getruda alikuwa amengoja jambo fulani kutoka kwa yule mzee, tangu Jumatatu alikuwa amelingoja, na sasa hakulipata. Akaizima televisheni.

"Sijui," alisema. "Nendeni nyumbani."

*

Jumamosi alifungua banda saa mbili asubuhi. Alifunga kitasa tena, akakifungua tena, watoto wanatazama.

"Dada Getu, kitasa kibovu?"

"Ingieni."

Lori lilifika karibu na saa saba. Getruda alimtambua baba yake kwanza kwa mwendo, maana Leonidas alitembea akiweka mguu pembeni kama anayevuka tuta. Mengine yote yalikuwa yamepungua. Baba aliyemkumbuka alikuwa mtu wa kujaza mlango. Huyu aliinama kuingia bila kuwa na haja ya kuinama. Mkononi alikuwa na kifuko cha mchele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Sauti ilikuwa ile ile. "Umefungua."

"Nimefungua."

Watoto walimsogezea nafasi kwenye benchi. Kwenye televisheni kijiji kilikuwa kinaungua. Leonidas alitazama, kifuko cha mchele kikiwa juu ya magoti.

"Nani huyo?"

"Adui, mzee," alisema Flavian. "Anaitwa Mzee Majivu. Ila jana tumeambiwa ana maneno yake."

"Anachoma kwa upande mbaya," alisema Leonidas. "Anawasha kule upepo unakotoka. Upepo utausukumia moto kwenye nyumba za watu. Unaanzia kule upepo unakokwenda."

Watoto walimgeukia wote, midomo wazi, na mmoja akauliza, "Mzee, kumbe unaijua hii gemu?"

Getruda akawaambia watoke. Hawakutoka, walisogea mpaka mlangoni, na yeye hakuwa na nguvu ya kuwafukuza. Alikaa kwenye kigoda chake. Maneno aliyokuwa ameyapanga wiki nzima yalikuwa mengi: nani alikufulia nguo, ulikula nini, kwa nini hukutuma hata chumvi, unajua kwamba mpaka leo siwezi kujisuka. Likatoka moja tu.

"Siku ile ikirudi, utawasha tena?"

Leonidas hakuuliza siku ipi.

"Nitawasha," alisema. "Cha kwangu nitawasha. Cha akina Basil, cha Yonas, vile ukivigonga kwa ngumi unga ulikuwa unatoka. Wangekula mpaka Krismasi, halafu wangepanda nini? Nilivifungua ishirini na sita, mama, mkono wangu huu niliutia ndani ya kila kimoja. Vyote vilikuwa na dumuzi."

"Vilikuwa thelathini na kimoja."

"Ndiyo."

"Cha mjomba je?"

Alianza kufungua fundo la kifuko cha mchele, akalifunga tena.

"Kengele ya kanisa ilikuwa imegonga," alisema. "Nilijua mnakaribia kutoka. Vilikuwa vimebaki vitano. Nikasema, kama ishirini na sita vinaye, hivi vitano vitamkosaje? Sikufungua. Niliwasha tu. Cha shemeji kiliposhika moto, hakikunukia kama vile vingine. Vile vilinuka vumbi. Kile kilinukia mahindi ya kuchoma. Hapo nikajua."

"Ulijua siku ile ile."

"Siku ile ile."

"Na hukusema. Adela amekufa, hukusema."

"Nilisikia habari za Adela nikiwa Muze. Ningesemaje, mama? Nikisema kile kimoja nilikosea, wote watasema nilikosea vyote. Na sikukosea vyote." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nimekaa na hilo huko bondeni. Upande huu nilikuwa sawa, upande huu nilikosea. Sikuja kuomba unikubali. Nimekuja nikuone umekuwa mtu wa namna gani."

Getruda alitaka kumwambia kwamba amekuwa mtu wa kusimama penye magunia ya watu.

Saa tisa lori lilipiga honi barabarani. Dereva aliita, "Mzee Leo! Tunateremka! Ule mteremko wa Lyamba lya Mfipa sishuki gizani mimi!" Leonidas aliinuka, akakiweka kifuko cha mchele kwenye benchi mahali alipokuwa amekaa, akakigusa kidogo kikae vizuri.

"Haya mama."

"Basi la Laela linaingia saa kumi," alisema Getruda.

Leonidas alisimama mlangoni.

"Mjomba anataka neno moja tu kutoka kwako. Hilo ulilonipa mimi si langu. Ni lake."

Honi ikapiga mara ya pili, ndefu. Leonidas alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. Watoto nje walikuwa wamenyamaza kama wanavyonyamaza mtu akiwa amebakiza uhai mmoja. Honi ya tatu. Halafu injini, halafu vumbi, na lori likakata kona ya kanisa likapotea. Leonidas akarudi akakaa pale pale, akakipakata tena kifuko.

Kwa muda wa saa moja walikaa wakingoja basi. Leonidas aliuliza kama kuna baridi hivi kila siku. Akasema sweta lake limetoboka. Akamwuliza nani anamsuka.

Kasmir alikuja na gunia begani, nusu gunia hivi, akasimama mlangoni, akaona. Watoto walimpisha. Hakusalimia. Alilishusha gunia, akatandaza turubai lililokuwa likifunika jenereta, akakata uzi wa gunia kwa meno, akamwaga mahindi yote chini, yakatawanyika mpaka kwenye miguu ya benchi.

"Angalia," alisema.

"Shemeji..."

"Angalia kwanza."

Leonidas alipiga magoti. Aliyasambaza mahindi kwa viganja, akayavuta kwenye mwanga wa mlango, akaokota punje, akaigeuza, akaiuma, akaitema, akaokota nyingine. Alichukua muda mrefu. Getruda aliona mikono yake ingali na ustadi ule ule. Kasmir alisimama juu yake, mikono mifukoni, kichwa chini, na kama ungepita njiani na kutupa jicho ndani usingejua nani kati yao anayehukumiwa.

"Safi," alisema Leonidas.

"Na changu?"

Upepo ulipiga bati.

"Sikukifungua," alisema Leonidas. Bado alikuwa magotini, akiyaambia mahindi. "Kilikuwa safi, shemeji. Nilijua kwa harufu. Kilikuwa safi."

Kasmir alikaa kwenye benchi, kwa uzito, mpaka mbao zikalia. Kisha akajifuta uso kwa kofia yake mara moja, akaivaa.

"Umeniambia mimi," alisema. "Bertha yuko nyumbani anapika. Nyanyuka."

"Atanimwagia maji ya moto."

"Huenda. Nyanyuka."

Walitoka, Kasmir mbele, Leonidas nyuma akiweka mguu pembeni, na mchele mkononi. Kesho yake asubuhi angeshuka Muze, hilo halikuhitaji kusemwa. Alipofika kwenye mtaro aligeuka akamtazama Getruda, na Getruda akainua mkono, akaushusha haraka kabla haujawa wa kuaga.

Watoto waliingia. "Dada Getu, tuwashe?"

"Subirini nizoe haya."

Alipiga magoti, akayakusanya mahindi kwa viganja, akayarudisha kwenye gunia, hata zile punje za chini ya benchi. Yalipokwisha alilisimamisha gunia, akakunja mdomo wake. Watoto walikuwa wanagombania pedi. Basi akainamisha kichwa, akaliwekea sikio lile gunia, akafumba macho. Ndani kulikuwa kimya kabisa. Alikaa hivyo hivyo, shingo imepinda, akingoja kiganja juu ya kichwa chake.

"Dada Getu," alisema Flavian, "unasikiliza nini?"